Moshi wa Kiangazi: Kutoka Miombo ya Katanga Hadi Mawingu ya Atlantiki

Mhadhara kwa wakazi wa Panda, Likasi



Nimeombwa nieleze jinsi wanasayansi wanavyochunguza tabianchi ya dunia: hewa, bahari, misitu, mvua, na namna vinavyoshikana hata kimoja kikiguswa kingine kinajibu. Mada ni pana, na mtu akitaka kuimaliza jioni moja atawalaza watu. Nimechagua kitu kimoja ambacho kila aliyekaa hapa anakijua kwa macho na kwa pua, nami nitakifuata popote kinapokwenda. Kitu hicho ni moshi wa kiangazi. Sisemi moshi wa viwanda, ingawa huo nao nitaugusa. Nasema moshi wa moto wa pori, unaoanza Mei majani yakishakauka, ukazidi Agosti na Septemba, mpaka jua la jioni linatua jekundu kama shaba na nguo zilizoanikwa zinashika masizi.

Mtaalamu wa hewa akiletewa moshi, swali lake la kwanza ni upepo unatoka wapi. Hapa Katanga jibu limeandikwa ardhini. Kiwanda cha kuyeyusha shaba cha Lubumbashi kilianza kazi mwaka 1911. Kwa miongo mingi bomba lake lilitoa salfa na vumbi la metali, na kwa kuwa upepo wa kiangazi unatoka kusini-mashariki, vumbi lilitua zaidi upande wa kaskazini-magharibi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Ubelgiji wamepima udongo wa upande huo, kuelekea Penga Penga, wakakuta shaba nyingi na metali nyingine, na mahali pa miombo pakiwa peupe au pamebaki majani machache yanayovumilia sumu. Ukiichora sehemu hiyo kwenye ramani unapata umbo la pembetatu ndefu, ncha yake kiwandani. Hakuna aliyekusudia kufanya jaribio la hewa pale, lakini udongo umetunza kumbukumbu ya upepo kwa karne nzima.

Sasa moshi wa pori hauna tabia ya moshi wa bomba. Vumbi zito la kiwanda linaanguka karibu. Masizi ya majani ni membamba mno. Chembe moja ni ndogo mara nyingi kuliko unene wa unywele. Mchana ardhi ya uwanda wetu wa juu inapata moto, hewa inapanda, na moshi unapanda nayo hadi kilomita tatu, nne, wakati mwingine tano. Huko juu unakutana na upepo mwingine kabisa, mkondo unaovuma kutoka mashariki kwenda magharibi, wenye nguvu zaidi kati ya Agosti na Oktoba. Asili ya mkondo huo inanipendeza kuliko sehemu nyingine zote za hadithi hii. Kusini yetu kuna nchi kavu yenye joto, hadi Kalahari. Kaskazini kuna msitu wa Kongo, wenye unyevu na mawingu ya mvua. Tofauti ya joto kati ya pande hizo mbili, pamoja na mzunguko wa dunia, ndiyo inayoendesha upepo huo. Kwa hiyo moshi wa Likasi unasafirishwa na upepo uliozaliwa na jangwa na msitu kwa pamoja. Mtu anayechunguza moshi peke yake, bila kujua habari za msitu wala za jangwa, hatajua kwa nini moshi umefika ulikofika.

Na unafika mbali. Kutoka hapa mpaka pwani ya Angola ni kama kilomita 1,500, na moshi haukomei pwani.

Tunajuaje? Njia ya kwanza ni jicho la juu. Satelaiti ya Terra ya Wamarekani ilirushwa Desemba 1999, na Aqua ikafuata Mei 2002. Zote mbili zilibeba kifaa kinachoona mionzi ya joto, ile ambayo macho yetu hayaioni lakini ngozi inaihisi mtu akikaa karibu na mbabula. Moto wa pori unang'aa zaidi katika mionzi hiyo kuliko ardhi inayouzunguka, kwa hiyo kompyuta inaweka nukta mahali hapo. Ukizipanga nukta za Julai na Agosti kwenye ramani, unaona mkanda mnene unaotoka Angola, ukapita kusini ya Kongo, ukaingia Zambia, hadi Msumbiji. Katanga imo katikati ya mkanda huo. Inakadiriwa kwamba kusini mwa Afrika hutoa karibu theluthi ya chembe zote za moshi wa mimea unaochomwa duniani.

Lakini jicho hilo lina upungufu wake, na mtu mwaminifu lazima auseme. Terra ilipangwa kupita asubuhi kiasi cha saa nne na nusu, na Aqua mchana kiasi cha saa saba na nusu. Anayewasha moto saa kumi alasiri, ukazimika usiku, huenda asionekane na yeyote. Tena picha za kifaa kile zinagawanya ardhi katika vipande vikubwa. Shamba dogo la mihogo linapotea ndani yake. Mwaka 2021 watafiti walitoa hesabu mpya ya Afrika kwa mwaka 2016, wakitumia satelaiti za Ulaya zenye macho makali zaidi, na eneo lililoungua likatoka kubwa kwa asilimia 80 kuliko hesabu ya zamani. Asilimia 80! Hilo si kosa la pembeni. Maana yake moto mdogo wa mkulima mdogo, ule ambao hakuna aliyeuona kuwa na uzito, ukijumlishwa unakaribia kulingana na moto mkubwa wote uliokuwa umehesabiwa.

Njia ya pili ni kusimama chini na kulitazama jua. Kuna kifaa kinachojielekeza chenyewe kwenye jua na kupima ni mwanga kiasi gani umepungua njiani. Kadiri moshi unavyokuwa mwingi ndivyo mwanga unavyopungua. Jirani zetu wa Zambia walikuwa na kifaa hicho Mongu, magharibi mwa nchi yao, tangu miaka ya 1990. Kilipofanya kazi miaka mingi, kilionyesha jambo ambalo satelaiti peke yake isingelisema kwa uhakika: moshi wa Julai na moshi wa Oktoba si moshi mmoja. Ule wa mwanzo wa kiangazi ni mweusi zaidi, unameza mwanga wa jua. Kadiri miezi inavyokwenda moshi unakuwa mweupe zaidi, unarudisha mwanga. Maelezo yanayoelekea zaidi ni kuni zenyewe. Mwanzoni yanaungua majani makavu kwa ndimi kali za moto. Baadaye yanaungua magogo na vichaka, moto unafukuta polepole, na moshi wa kufukuta hauna masizi mengi. Mama yeyote anayewasha jiko asubuhi ameshaiona tofauti hiyo. Kazi ya Mongu ilikuwa kuipima kwa namba, mwaka baada ya mwaka, mpaka watengenezaji wa hesabu za satelaiti wakalazimika kuziangalia upya hesabu zao.

Njia ya tatu ni ghali: kupeleka ndege ndani ya moshi. Mwaka 2000 mradi wa kimataifa ulioitwa SAFARI 2000 ulirusha ndege kutoka Afrika Kusini. Mwanzoni mwa Septemba mwaka ule waliona moshi umejikusanya ukawa mto angani, unatiririka kutoka nchi za ndani kuelekea kusini-mashariki na kutokea Bahari ya Hindi. Kumbe njia si moja: siku nyingine moshi huenda magharibi, siku nyingine hugeuzwa na mifumo ya hewa inayopita kusini. Kisha kati ya 2016 na 2018 ukaja mradi wa ORACLES wa shirika la anga la Marekani. Mwaka wa kwanza ndege ziliruka kutoka Walvis Bay, Namibia. Miaka miwili iliyofuata kutoka São Tomé. Waingereza nao walikuwa kisiwa cha Ascension mwaka 2017, katikati ya bahari, na Wafaransa pwani ya Namibia mwaka uleule.

Kwa nini wote walikimbilia bahari ile? Kwa sababu ya mawingu. Juu ya Atlantiki, mkabala na Angola na Namibia, maji ni baridi, na juu yake kunalala tandiko la mawingu ya chini, mapana, meupe, yasiyo na mvua ya maana. Mawingu hayo ni kama nguo nyeupe iliyotandikwa juu ya bahari nyeusi: yanarudisha mwanga mwingi wa jua angani kabla haujapasha maji joto. Basi moshi wetu unakuja kutoka bara, unatandaa juu ya tandiko hilo, na hapo maswali yanaanza. Moshi ulio juu ya wingu unameza mwanga, hewa ile inapata joto, na joto lile linakuwa kifuniko kinachozuia unyevu wa chini usipande. Wingu linaweza kuwa zito zaidi. Moshi ukishuka ukaingia ndani ya wingu, chembe zake zinakuwa mbegu za matone: matone yanaongezeka idadi, yanakuwa madogo, wingu linang'aa zaidi. Lakini joto la masizi yaliyomo ndani linaweza pia kulikausha wingu lenyewe. Mambo haya yanavutana, na mshindi anategemea urefu: moshi uko juu ya wingu kwa mita ngapi, au umegusana nalo?

Hapo ndipo kompyuta inapopata shida. Mnajua kuna watu wanaojenga dunia nzima kwa hesabu. Syukuro Manabe, mzaliwa wa Japani aliyefanya kazi Marekani, alionyesha mwaka 1967 kwa hesabu za safu moja ya hewa jinsi joto linavyopanda hewa ukaa ikiongezeka, na mwaka 2021 akapata tuzo ya Nobel ya fizikia pamoja na Klaus Hasselmann na Giorgio Parisi. Modeli za leo zinagawanya hewa na bahari katika vyumba vingi, na kila chumba kinampa jirani yake joto, maji, upepo na moshi. Zilipolinganishwa na vipimo vya mwali wa leza uliokuwa unapigwa kutoka satelaiti ya CALIPSO, modeli kadhaa zilikutwa na kosa lilelile: zinaushusha moshi wa Afrika upesi mno baada ya kutoka bara. Angani moshi unabaki juu. Ndani ya kompyuta umeshazama kwenye mawingu. Na kama nilivyosema, juu ya wingu au ndani ya wingu ni matokeo mawili tofauti. Ndege zilipelekwa kukata shauri la namna hiyo.

Safari ya moshi haikomei hapo. Septemba 2014 ndege ya utafiti ya Wajerumani iliyokuwa juu ya Atlantiki, karibu na Brazili, ilikuta tabaka la masizi kwenye urefu wa kilomita tatu hadi nne. Waliporudisha njia ya hewa nyuma kwa hesabu, waliifikia mioto ya kusini mwa Afrika, safari ya kiasi cha siku 10. Tena moshi hubeba fosforasi, ambayo udongo wa Amazoni hauna kwa wingi, kwa hiyo masizi ya Afrika ni moja ya njia ambazo msitu ule unapata mbolea. Nawaambia vijana: mkisoma kwamba kila nchi ina hewa yake na mipaka yake, ulizeni mpaka huo umewekwa urefu gani.

Jambo moja linanikera katika kazi hizi nzuri, nami nitalisema. Hesabuni vituo vya ndege nilivyovitaja tangu 2016: Walvis Bay, São Tomé, Ascension. Vyote viko ufukweni au kisiwani. Mahali moshi unapoishia pamepimwa kwa ukaribu kuliko mahali unapoanzia. Ni rahisi kuelewa. Ndege inataka kiwanja, mafuta, ruhusa na usalama. Lakini mtu akitaka kujua kama moshi wa Novemba ni majani au ni tanuri la makala, hapaswi kuuliza Ascension.

Na upungufu huo ni mkubwa zaidi upande wa mvua. Niruhusuni nihame kidogo kutoka kwenye moshi.

Bwawa la Mwadingusha kwenye mto Lufira, lililozaa ziwa la Tshangalele, lilianza kutoa umeme mwaka 1930, kwa ajili ya viwanda hivi vya Panda na Shituru. Koni, chini yake, ilifuata mwaka 1950. Maji yale ni mvua ya Novemba hadi Machi iliyotunzwa mpaka kiangazi. Mvua hiyo inakuja pale ukanda wa mvua wa tropiki unaposhuka kusini na jua, na hewa yenye unyevu kutoka magharibi, iliyopita juu ya msitu wa Kongo, inakutana na hewa ya Bahari ya Hindi. Mstari wa kukutana unasogea kila siku. Wataalamu wanauita Mpaka wa Hewa wa Kongo. Mwaka ukiwa wa El Niño, yaani bahari ya Pasifiki ikipata joto kupita kawaida, mara nyingi kusini mwa Afrika kunakauka na Afrika Mashariki kunafurika. Sisi tuko kati ya pande hizo mbili, ndiyo maana kwetu utabiri ni mgumu. Februari 29, 2024 Zambia ilitangaza ukame kuwa janga la taifa; ziwa Kariba lilishuka vibaya, na umeme wao ukakatwa saa nyingi kwa siku. Katanga, ambayo migodi yake hununua umeme kupitia kusini, haikuweza kuuangalia ukame ule kama habari ya wengine.

Uhusiano huo kati ya bahari na mvua za mbali haukugunduliwa na satelaiti. Gilbert Walker, Mwingereza aliyeongoza idara ya hali ya hewa ya India tangu 1904, alitaka kutabiri mvua za masika za India ili njaa isiwakute watu ghafla. Aliwakusanya makarani wakakokotoa kwa mkono takwimu za vituo vya dunia nzima. Katika hesabu zake za utabiri aliingiza theluji ya Himalaya, mgandamizo wa hewa wa Mauritius na wa Amerika Kusini, na mvua ya Zanzibar. Ndiyo, mvua iliyopimwa Unguja kabla ya masika ya India. Kutokana na kazi hiyo akaona kwamba mgandamizo wa hewa ukipanda upande mmoja wa Pasifiki hushuka upande wa pili, na mwaka 1969 mtaalamu wa hewa Jacob Bjerknes akaufunga mzunguko huo na joto la bahari la El Niño. Msingi wake ulikuwa karani mmoja na kipimamvua, kila asubuhi, saa ileile, akiandika kwenye daftari hata siku ambayo haikunyesha kitu.

Kongo ilikuwa na madaftari hayo. Taasisi ya kilimo ya Yangambi, iliyoanzishwa mwaka 1933, iliandika mvua, joto, na hata siku ambayo kila mti ulitoa maua au kupukutisha majani. Karatasi za miti za 1937 hadi 1958 zilipigwa picha, na watu wa kujitolea duniani kote wakazisoma kupitia intaneti na kuzigeuza namba. Mwaka 2020 Yangambi ikapata mnara wa mita 55 unaopima hewa ukaa inayoingia na kutoka msituni. Hiyo ni habari njema, lakini ni msitu wa kaskazini, wenye mvua karibu mwaka mzima. Mnara wa Yangambi hauwezi kutusemea miombo, ambayo inakaa miezi mitano bila tone, inachipua majani mapya kabla mvua haijafika, na kuungua sehemu kubwa ya eneo lake.

Kuhusu kuungua, kuna jaribio la jirani ambalo kila kijana wa kilimo hapa angefaa alijue. Karibu na Ndola, mwaka 1933, wataalamu wa misitu waligawa miombo katika viwanja: kimoja kikachomwa mapema kila mwaka, kimoja kikachomwa mwisho wa kiangazi, kimoja kikalindwa kabisa. Baada ya miongo, kiwanja cha moto wa mwisho kilikuwa karibu majani matupu. Kilicholindwa kilijaa msitu mnene. Cha moto wa mapema kilibaki miombo. Ndiyo sababu wazee wa misitu wanashauri kuchoma Mei na Juni, na anayependa vinkubala anajua kwamba moto wa Oktoba unaila miti ambayo viwavi wanaitegemea.

Lakini kumbukeni Mongu. Moshi wa mapema ndio mweusi zaidi. Ushauri unaookoa miti unatoa moshi unaomeza mwanga zaidi, ingawa moto wenyewe ni mdogo na moshi unapungua kwa jumla. Sioni sababu ya kuuacha ushauri ule. Naona sababu ya kupima, hapa, chini ya moshi wenyewe, kwa kifaa kama cha Mongu na vipimamvua vya shule.

Najua swali la kwanza litakalotoka kwenu: basi moshi wetu unaipasha dunia joto au unaipoza? Nitalijibu kabla halijaulizwa. Juu ya bahari nyeusi unapoza, kwa sababu unarudisha mwanga ambao maji yangeumeza. Juu ya mawingu meupe unapasha, kwa sababu unameza mwanga ambao wingu lingeurudisha. Moshi uleule hubadilisha kazi siku moja kwa kuvuka ukingo wa wingu. Hewa ukaa ni hesabu nyingine. Majani yaliyoungua Agosti huirudisha hewa hiyo mvua ikishanyesha na majani mapya yakiota. Mti wa miaka 60 uliokatwa kwa ajili ya makala ya Lubumbashi hauirudishi mpaka mwingine ukue mahali pake, na mahali pake mara nyingi panalimwa mahindi. Kwa hiyo gunia la makala na hekta ya majani yaliyoungua haviandikwi katika safu moja ya hesabu, hata kama moshi wake ukifika Atlantiki hautofautiani kwa macho.